Nilivyoitetea Marekani Mbele ya Ami Hilal

Wenzangu wa baraza ya Jumanne mmeniuliza, kila mmoja kwa wakati wake, na kila mmoja kwa sauti ya mtu aliyekwisha kusikia nusu ya habari, ni kipi khasa kilichotokea katika safari yetu ya siku tatu, hata Maryam akaninunia wiki nzima. Habari hii ikisimuliwa vipande vipande itaota mikia. Nimeona bora niiandike yote mara moja.

Mnajua ilikuwa majira ya baridi, mwaka ule mabenki makubwa ya Marekani yalipoanza kuanguka moja baada ya jingine. Mdogo wangu Maryam alikuwa amepata nafasi katika chuo nilichosoma mimi huko huko Marekani, na chuo kilitaka jibu kabla ya Jumamosi. Kwa kuwa baba yetu ni marehemu, idhini ilikuwa mkononi mwa Ami Hilal wa Nizwa, kaka wa baba kwa upande wa baba. Ndugu zake walipokwenda Unguja zamani, yeye alibaki, na hadi leo Kiswahili chake ni maneno mawili tu: shikamoo na chapati. Ami alikuwa amempigia Mama simu. "Nasikia Marekani imefilisika," alisema. "Mtoto anakwenda kusoma nini kwa watu waliofilisika?"

Ami hapokei maneno mazito ila Ijumaa, baada ya sala. Nami nilikuwa nimekwisha kumwahidi mgeni wangu, Birgit, kwamba nitampeleka Sur kuona kasa. Basi tukaunganisha safari mbili kuwa moja: Ibra, Sur, Ras al-Jinz, Samad ash-Shan, halafu Nizwa. Nilikwenda nikiwa na hakika kwamba nitamshinda ami yangu kwa hoja.

Maskati hadi Ibra: soko lisilo na wanaume

Tuliondoka Jumatano asubuhi, mimi kwenye usukani, Mama pembeni yangu na kikapu cha mandazi mapajani, Birgit nyuma na ramani ambayo hakuna aliyeihitaji. Birgit ni mwalimu wa historia kutoka Ujerumani ya kaskazini, rika la Mama. Alikuja chuoni kwetu mwaka mmoja kama mgeni, tukapanga nyumba moja, tukapendana na tukabishana tangu siku ya kwanza. Hatujafika Bidbid, ubishi ulikuwa umekwisha kuanza.

"Rahma," aliniambia, "nchi uliyoipenda imewatoa watu majumbani mwao."

"Nchi niliyoipenda iliwaingiza kwanza, kwa mikopo," nikamjibu. "Huko kwenu watu wale wasingepewa hata ufunguo wa kuutazama."

"Wasingepewa, kwa hiyo wasingenyang'anywa."

Mama alitaka kujua tunagombania nini. Nikamwambia tunazungumzia uchumi. "Basi uzungumzeni polepole," akasema. "Gari linakwenda kwa hasira."

Nipeni nafasi niseme kwa nini jambo hili lilinigusa. Mwenye nyumba tuliyopanga kule chuoni alikuwa mjane mwenye duka la kufulia nguo. Lilikuwa duka lake la tatu. Mawili ya kwanza yalikufa. Hakuna aliyemcheka, na hakuna aliyemtaka aombe ruhusa ya kujaribu tena. Babu yangu mzaa Mama naye alikuwa na duka, la nguo za kukata, kule Unguja, na siku moja aliambiwa kwamba si lake tena. Hakujaribu la pili maishani mwake. Kati ya mjane yule na babu yangu mimi nilikuwa nimejifunza uchumi wote niliouhitaji. Birgit anayajua haya. Huyaheshimu, kisha hubisha vile vile.

Ibra, kila Jumatano, pana soko la wanawake. Wauzaji ni wanawake, wanunuzi ni wanawake, na mwanamume anayejisahau akaingia hutoka mbio. Birgit alipenda chetezo cha udongo kilichokuwa mbele ya mama mmoja mtu mzima, aliyevaa barakoa nyeusi yenye kung'aa. Akauliza bei, akaambiwa, akaitoa pale pale bila neno.

Yule mama akaurudisha mkono wake nyuma. "Kwani nimemkosea nini?" akaniuliza kwa Kiarabu. "Hataki hata kuzungumza nami?"

Nikamfasiria Birgit. Akajibu kwa unyenyekevu kwamba haoni haki kumbana mwanamke maskini kwa ajili ya senti chache.

"Nani amemwambia mimi ni maskini?" akauliza yule mama. Alipoona Birgit hatabishana, aliamua kubishana peke yake. Alijiambia bei ni kubwa, akajijibu kwamba udongo ni wa Bahla, akajilaumu kwa ubahili, akajipunguzia, akakataa, akajipunguzia tena, hadi aliporidhika. Kisha akapokea pesa, akaongeza gao la ubani juu, akamshika Birgit mkono na kumwuliza ana watoto wangapi.

"Umeona," nikamwambia Birgit tulipotoka. "Soko ni mazungumzo. Si unyang'anyi."

"Nimeona soko ambamo watu wanaonana uso kwa uso."

"Huyo umeona macho yake tu."

Alicheka, lakini niliona kwamba hakuridhika. Mama alikuwa amekinusa chetezo, akasema ungeweza kukipata soko la Mutrah, Maskati, kwa bei ile ile bila ya kelele.

Ibra hadi Sur: vishale vyekundu

Barabara ya kwenda Sur ina ngamia wanaopita popote wapendapo, na ina vilima vya mchanga upande wa kulia ambavyo Birgit alitaka tusimame kuvipiga picha kila baada ya muda mfupi. Tuliposimama mara ya nne Mama akamwuliza, kupitia kwangu, kama mchanga wa hapa ni tofauti na ule wa mwanzo. Birgit aliuchukulia kama swali la kweli, akajibu kwa makini kuhusu rangi. Mama alisikiliza mpaka mwisho. "Mwalimu huyu," akaniambia, "ana moyo mweupe. Usimchokoze sana."

Sur tuliingia njaa imetushika. Tulikula nguru wa kukaanga na wali katika mkahawa wa karibu na pwani, na ukutani palikuwa na televisheni iliyoonyesha watu wa makoti wakitoka katika jengo la vioo, kila mtu na sanduku lake la karatasi, na chini yao vishale vyekundu vinavyoelekea chini. Mkahawa mzima uliacha kula. Mhudumu alitua sahani zetu, akaniuliza kwa Kiarabu cha kuokota, "Dada, Dubai nayo imekwisha? Ndugu yangu yuko kule anajenga."

Nilisema Mungu atasahilisha, nikamfasiria Birgit swali lake. Birgit alishughulika na miba ya samaki wake tu, na upole huo uliniudhi kuliko maneno yake, kwa hiyo nikaanza mimi.

"Mabenki ya kwenu nayo yaliyanunua makaratasi hayo ya mikopo ya nyumba," nikamwambia. "Yaliyanunua kwa furaha. Faida ilipokuja hamkuuliza imetoka nyumba ya nani."

"Ni kweli," akasema. "Hata akiba yangu ya uzeeni ilikuwamo. Hilo halinifanyi nikipende kitu chenyewe."

"Na baada ya miaka michache watainuka, kwa sababu kule mtu huruhusiwa kuanguka."

"Aanguke yeye, sawa. Huyu kaka wa mhudumu aliangukaje?"

Maryam alikuwa ameniletea ujumbe wa simu: *Umeshaanza kupanga maneno? Usimtajie ami benki.* Nikamjibu asiwe na wasiwasi.

Ras al-Jinz: nyayo

Kasa tulikuwa tumechelewa kuwaona. Hutaga usiku na hurudi baharini kabla jua halijapanda, na sisi tulichelewa kwa sababu Mama hatoki nyumba ya wageni bila ya chai mbili. Tulikuta alama zao tu mchangani, mistari mipana kama ya magurudumu ya trekta, ikitoka majini na kurudi majini. Kijana wa kituo cha wageni, mzaliwa wa kijiji cha jirani, alituonyesha shimo moja na kutuomba tusikanyage pembeni yake. Ndiyo kazi yake, alisema. Zamani watu wa kwao waliyachukua mayai, sasa wanayalinda na kulipwa mshahara.

Birgit alisimama muda mrefu mbele ya shimo. "Hebu niambie," akasema bila kunigeukia, "soko lingempa kasa huyu nini?"

Niliwaza supu. Sikusema. Nilikuwa na hoja moja kuhusu watalii na kiingilio, lakini hata mimi niliiona nyembamba, maana pwani ile ingekuwa hoteli tupu kama mtu asingeizuia. Nikamwambia kwamba hapo ana haki.

"Anasema nini?" Mama akauliza.

"Anasema pana vitu visivyofaa kuachiwa soko."

"Na wewe?"

"Nimekubali."

"Alhamdulillahi," Mama akasema. "Sasa tunaweza kula mandazi kwa amani."

Njia ya Samad: wadi imeshuka

Mvua ilikuwa imenyesha milimani bila sisi kujua. Tulipoiacha Ibra nyuma yetu tukakuta magari yamepangana barabarani na watu wamekaa juu ya mawe: wadi imeshuka, yaani lile bonde kavu linaloikata barabara limejaa maji ya kahawia yanayokwenda kwa kasi, na hapana wa kupita mpaka yapungue. Tulikaa saa tatu. Kwa namna fulani ndizo saa nilizozipenda kuliko zote. Mzee wa lori la ngamia alitandika mkeka, mtu mwingine akatoa birika la kahawa, Mama akafungua kikapu. Mandazi yalimfanya yule mzee aache kutafuna na kuuliza hiki ni kitu gani na kina hila gani. Mama akamwambia iliki. Akasema iliki anaijua, hii ni zaidi ya iliki. Mama akamwambia basi ni Unguja.

Kisha akaja kijana na gari jipya la kuvuta kwa magurudumu manne, akatutazama sote kama watu waliokata tamaa mapema, akaingia majini. Alifika katikati. Gari likazimika, maji yakaanza kulisukuma kando, naye akapanda juu ya paa akiwa ameshika viatu vyake mkononi.

Waliomcheka ndio walioingia kumtoa, wamefunga kanzu zao kiunoni, kwa kamba za ngamia wa yule mzee. Hakuna aliyemdai kitu.

"Huu ndio ujamaa ninaousema," Birgit akaniambia.

"Huu ni ujirani. Marekani theluji ikifunga barabara utauona huu huu, uliuona mwenyewe."

Akakiri aliuona. "Lakini angalia, Rahma. Huyu kijana aliiona hatari, akaingia peke yake, akalowa peke yake. Mimi simchukii. Mabwana wa mabenki yako walipakia watoto wa watu kwanza, wakawaambia maji ni ya vifundoni."

Nikamwambia kwamba basi kosa ni uongo, si gari. Akasema pengine, lakini magari yale yalitengenezwa na watu waliojua dereva ni mwongo. Maji yakapungua kabla hatujamaliza, tukavuka kwa Bismillahi, na magharibi ilitukuta Samad, nyumbani kwa Bi Zuwena, binamu wa Mama, ambaye alikuwa ametupikia boko boko na hakutaka kusikia neno la uchumi mezani kwake.

Nizwa: mbuzi, kahawa na neno moja

Ijumaa asubuhi mnada wa mbuzi wa Nizwa huzunguka. Wanunuzi wamesimama na wengine wamechuchumaa, na wauzaji wanapita mbele yao duara baada ya duara, wakivuta kamba na kutangaza. Birgit alifurahi kama mtoto. Palipopita mtu na mbuzi mweusi mwenye pembe nzuri, akitangaza jambo refu zaidi ya wenzake, akaniuliza anasema nini.

"Anasema mbuzi wake haoni kwa jicho la kushoto."

"Anautangaza upungufu?"

"Ni lazima autangaze," nikasema, na sitaficha kwamba nilisema kwa kujivuna. "Akiuficha, biashara haisihi. Mnunuzi anayo haki ya kuirudisha bidhaa."

Birgit alimsindikiza yule mbuzi kwa macho duara zima. "Hapo," akasema, "mimi na wewe hatugombani."

Baada ya sala ya Ijumaa tukaketi katika ukumbi wa Ami Hilal: Ami, Mama, mimi na Birgit. Ami ni mtu mrefu mwenye ndevu zilizochanwa vizuri, na ana duka la kahawa na iliki sokoni, alilorithi kwa baba yake. Tulikula wali na nyama, tukanawa, ikaja halwa, ikaja kahawa. Nilikuwa nimepanga kuanza kwa maneno yangu. Ami akanitangulia. Alitaka kumsikia mgeni, kwa sababu mgeni hana ndugu wa kumpendelea.

"Mwulize," akaniambia, "balaa hii ya Marekani imeletwa na nani?"

Nikamwuliza. Birgit akafikiri, kisha akasema kwa Kiingereza, taratibu ili nisikose kitu, kwamba imeletwa na wenye mali nyingi. Wao huchukua faida na kuwaachia wengine hasara. Na yeye hangependa msichana mwenye akili akajifunze kwao.

Hapa ndipo neno lilipoteleza. Kichwa changu, wenzangu, ni cha Kiswahili. Kiingereza kikiingia hupita kwanza katika lugha ya Mama ndipo kiende kwa Kiarabu. Wenye mali nyingi kwangu ni matajiri. Na matajiri, ulimi ulipoyafikisha kwa Ami, yakatoka *tujjar*. Ninyi mnajua na mimi najua: *tajir* wa Kiarabu si mwenye mali. Ni mfanyabiashara, mtu wa dukani. Ni Ami Hilal.

Akakitua kikombe.

"Mwambie mgeni wetu," akasema, na hakupandisha sauti, "kwamba mimi ni tajir, na baba yangu alikuwa tajir. Kahawa anayoinywa haikutembea kwa miguu yake kutoka Yemen. Mwambie hapana mjane katika mji huu aliyepunjwa mizani dukani mwangu."

Nililijua kosa langu kikombe kilipogusa sinia. Nikamgeukia Birgit, nikasema, "Anasema karibu sana. Kahawa hii ni ya Yemen."

"Mwambie ni nzuri mno," Birgit akasema, akamtazama Ami kwa tabasamu kubwa.

"Anasema kahawa ni nzuri."

"Bila shaka ni nzuri," Ami akajibu. "Imeletwa na tajir." Akajifuta ndevu. "Kama watu wa namna hii ndio wanaowachukia wafanyabiashara wa Marekani, basi kule lazima wapo watu wa kheri. Maryam aende."

Ilikuwa ile "ndiyo" niliyoifuata kutoka Maskati. Mama alinitazama. Kiingereza chake ni cha skuli, lakini neno alilolisema Birgit analijua, na Kiarabu anakijua kunishinda. Nikaangalia halwa. Ami aliondoka kabla ya alasiri kwenda shambani kwake Jabal Akhdar, akatuaga mimi na Mama kwa dua, na mgeni akamuaga kwa kichwa tu.

Maryam alikuwa amekwisha kupata ujumbe wangu. Alijibu kwa herufi kubwa tupu.

Kupanda Jabal Akhdar

"Ami yako amekasirika," Birgit alisema tulipoingia barabara ya kurudi Maskati. "Nimefanya nini?"

"Mwambie," Mama akasema.

Nikamwambia. Aliikunja ramani yake mara mbili, mara nne. "Nimekaa kwenye chakula chake," akasema hatimaye, "nikaisifu kahawa yake huku anaamini nimemtukana. Na wewe ukanitazama." Kisha akasema lile lililonichoma. "Mbuzi wako, Rahma, ana jicho bovu. Hukulitaja."

Nilitaka kumjibu kwamba si sawa; kwamba benki ni benki na ndiyo ya Maryam ni ndiyo ya Maryam, na nia yangu ilikuwa njema. Halafu nikakumbuka kwamba bila shaka nao walikuwa na nia njema, wale waliowaambia watu kwamba maji ni ya vifundoni. Niliitafuta tofauti kutoka Nizwa hadi Birkat al-Mawz. Ni mwendo wa dakika ishirini, na sikuipata.

"Nikimwambia, atairudisha idhini," nikamwambia Mama. "Na kesho ndiyo Jumamosi."

"Huenda," Mama akasema. "Kata kushoto."

Kushoto ndiko mlimani. Mguuni mwa mlima pana kizuizi cha askari, na gari dogo kama letu haliruhusiwi kupanda. Askari alikuwa na adabu kamili. Aliniuliza kama nina magurudumu manne. Nikamwambia ninayo manne kama anavyoyaona. Akasema si hayo. Tukaegesha. Mtu wa tano kupita ndiye aliyetuchukua, mwenye gari la milango minne na mbuzi sita nyuma aliowanunua mnadani asubuhi ile ile.

"Hilal wa kahawa?" akasema. "Shamba lake liko chini ya langu." Njiani, kona baada ya kona, alitaka nimweleze benki huangukaje. Nikaanza na mikopo ya nyumba. Tulipofika juu akasema ameelewa: ni watu waliouza makomamanga yaliyooza ndani, na ganda ni zuri. Miaka minne ya chuo, na sikuwahi kuliweka vizuri hivyo.

Juu palikuwa na baridi ya kuuma masikio. Ami Hilal alikuwa kwenye ngazi za shamba lake, amevaa koti la sufu juu ya kanzu, akiipogoa mikomamanga isiyo na jani hata moja. Alituona tukishuka watatu, tumejifunika khanga za Mama, akaweka mkasi chini.

Nikamwamkia, nikabusu mkono wake, nikasema kabla sijaogopa. Nikamwambia kwamba Birgit hakusema tujjar. Alisema aghnia, wenye mali. Kosa ni langu, kwa sababu katika Kiswahili mwenye mali huitwa tajiri.

Akalirudia neno mara mbili. "Tajiri ni mwenye mali? Na mtu wa dukani mnamwitaje?"

"Mfanyabiashara."

"Hata akiwa hana kitu?"

"Hata hivyo."

"Ndugu zangu walikaa kule miaka thelathini," akasema, "wakaniandikia kwamba wamekuwa matajiri. Nikadhani wamefungua duka." Mama alicheka kwa pua. Ami hakucheka. "Wewe ulijua lini kwamba umekosea?"

Hilo ndilo swali nililoliogopa njia nzima.

"Ulipokitua kikombe."

"Ukanyamaza."

"Nikanyamaza, Ami."

Alimtazama Birgit, akaweka mkono kifuani na kuinamisha kichwa. Birgit, bila ya mkalimani, akafanya vile vile. Kisha Ami akanigeukia. "Basi neno langu la mchana limeondoka. Nililisema juu ya kitu ambacho hakikuwapo. Sasa niambie habari ya Marekani, na utaje aibu zake kwanza."

Nikazitaja. Sikuwahi kuongea Kiarabu kwa uangalifu kama ule. Nilimwambia juu ya watu waliouziwa nyumba wasizoweza kuzimiliki, na waliojua wakauza, na wakubwa waliotazama kando. Kisha nikamwambia kuhusu mjane wa duka la kufulia, na kwamba bado naamini mahali ambapo mtu huweza kushindwa mara mbili bila ya aibu ni mahali pa kujifunzia. Akataka kumsikia Birgit tena. Birgit alisema yale yale ya mchana, hakupunguza hata moja, nami nikayafasiri neno kwa neno, hata lile la kwamba asingependa msichana akajifunze kwa wenye mali. Aliongeza kwamba katika chuo kile aliniona mimi nikimbishia mwalimu wangu mbele ya darasa zima, na mwalimu akanishukuru. Kwao, alisema, hilo ni nadra. Nikalifasiri na hilo, uso unanichoma.

Ami alikaa juu ya ukuta wa mawe. "Mmezungumza ninyi nyote," akasema. "Mwenyewe hamkumleta. Mpigie."

Simu haikushika mpaka tulipokwenda pembe ya ukuta. Nikampa Ami, na kwanza nikamsikia akimwambia Maryam kwamba ndiyo ya mchana imefutwa, na ni nani aliyeifuta. Hapo ndipo Maryam aliponinunia. Kisha Ami akamwuliza anataka kusoma nini, akasikiliza kwa muda mrefu, akiitikia kwa kichwa kama mtu anayeonwa. Akamwuliza habari ya maji na udongo, ndiyo masomo aliyoyachagua. Akamwuliza kama anaogopa. Mwisho akasema, "Na huko ukikuta mtu anakuambia jambo, nani atakufasiria?"

Alilojibu Maryam hatukulisikia. Ami alicheka hata akaushika ukuta.

"Anasema dada yake akibaki huku, atakuwa salama," akatuambia. Akanirudishia simu. "Aende."

Birgit alinishika mkono, macho yamemtoka, akitaka kujua kimesemwa nini. Nikafungua mdomo. Mama akanisogeza kando kwa kiwiko, akafunga khanga yake vizuri, na kwa Kiingereza chake cha skuli, pole pole, neno moja moja, akamweleza yeye.